Majina Yaliyoahidiwa

Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na mitaa ya Azikiwe na Maktaba, ni kazi nzuri ya sanaa. Naanza na sifa kwa sababu lawama zitafuata, na anayelaumu kitu ambacho hajakitazama vizuri hastahili kusikilizwa. Aliyeichonga ni Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyetia sahihi kazi zake kwa jina la Myrander. Ilizinduliwa mwaka 1927. Askari yumo mwendoni, uzito wote umeegemea mbele, bunduki ameishika kwa mikono miwili na singe imeelekea bandarini. Hamtazami mpita njia wala haombi kutazamwa. Ana kazi, na kazi hiyo iko mbele yake.

Ubora wa sanamu hii unaonekana zaidi ukiilinganisha na ile iliyotangulia. Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, mtu aliyewashindia pwani hii kwa bunduki. Wissmann alisimama juu. Chini yake waliweka askari wa Kiafrika mwenye bendera ya Ujerumani, akimwinulia macho bwana wake. Waingereza walipouteka mji huu Septemba 1916 waliing'oa. Ikapelekwa London, kisha ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa Hamburg mwaka 1922, hadi wanafunzi wa huko walipoiangusha mwaka 1968. Kwa hiyo mkazi wa Dar aliyeziona zote mbili aliona jambo kubwa: askari ametoka miguuni pa Mzungu na kupanda juu ya jiwe, peke yake, bila bwana wa kumtazama. Kwa mwaka 1927, katika koloni, hilo halikuwa dogo.

Basi shaba imefanya kazi yake. Tatizo langu liko kwenye maneno.

Chini ya askari kuna maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mshairi wa dola ya Uingereza. Yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana. Yanawataja wapagazi, ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Yanawataja wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika vita vya 1914 hadi 1918. Halafu yanafunga kwa ahadi: mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Isome tena ahadi hiyo, taratibu, kama unavyosoma mkataba wa kupanga chumba. Nani ameahidi kukumbuka? Si mfalme. Si serikali ya Tanganyika. Si jeshi lililomwandikisha mtu huyo, likampa namba na kumbebesha mzigo. Kazi ya kukumbuka imewekwa juu ya watoto. Aliyekopa ameandika kwamba deni litalipwa na familia ya mkopeshaji.

Rudi sasa kwenye ile sitiari ya miguu na mikono. Ni sitiari nzuri, na pengine ilikusudiwa kuwa heshima. Lakini mguu hauna jina, na mkono hauna mama wala kijiji. Askari amepewa mwili mzima wa shaba. Mpagazi amepewa viungo, tena kwa maneno. Nairobi, kwenye mnara dada ulioko Kenyatta Avenue, kazi ya Myrander huyohuyo, mpagazi amesimamishwa juu pamoja na wapiganaji. Dar es Salaam, mji uliogeuka bandari na kambi ya wapagazi, juu ya jiwe yuko askari tu.

Na wapagazi ndio waliokuwa wengi. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali ambapo mbung'o waliua farasi na ng'ombe, reli zilikuwa mbili tatu, na masika yaliyageuza barabara kuwa matope. Kila risasi, kila gunia la unga, kila machela ilihitaji kichwa cha mtu. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi karibu milioni moja, wengi wao wakiwa wamekamatwa kwa nguvu vijijini. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu laki moja kati yao walikufa. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Watu waliokulia kwenye ndizi walipewa unga wa mahindi na hawakupewa muda wa kuupika ukaiva. Wajerumani nao walichukua wapagazi na vyakula bila kulipa walikopita. Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yalipokwisha kuchukua nafaka, mifugo na wanaume, ikafuata njaa ya Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920.

Kumbuka pia Kipling alikuwa nani alipokuwa akiandika. Mwanawe wa kiume wa pekee, John, alipotea vitani Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na umri wa miaka 18. Kipling aliutafuta mwili wake, na akafariki mwaka 1936 bila kuupata. Akawa mshauri wa maneno wa tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, na ndiye aliyechagua msemo wa Biblia wa majina yatakayoishi milele, ambao umechongwa kwenye makaburi ya wanajeshi dunia nzima. Hakuna aliyejua kuliko yeye jina lina thamani gani kwa mzazi asiye na kaburi la kwenda kulizuru. Alijua kwa sababu jina ndilo pekee lililobaki mkononi mwake. Ndiyo maana siwezi kuisoma ahadi ile ya Dar es Salaam kama maneno ya mtu asiyejua anachosema.

Tume ileile ilikuwa na kanuni mashuhuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi lake au kwenye ukuta, bila kujali cheo. Nenda Barabara ya Bagamoyo, kwenye makaburi ya vita ya Dar es Salaam, uone kanuni hiyo ikitekelezwa. Kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi, na umeandikwa majina zaidi ya 1,500 ya maofisa na askari waliokufa katika vita hivi kuanzia Januari 1917 wasio na makaburi yanayojulikana. Jina baada ya jina. Mjukuu akija kutoka Punjab au Manchester ana mahali pa kuweka kidole. Mjukuu akija kutoka Bukoba, Ukambani au Songea anaelekezwa kwenye sanamu ya Samora, ambako hamna jina hata moja.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya, wala si kwamba karatasi zote zilipotea. Mwaka 2021, tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti juu ya ubaguzi wake yenyewe, baada ya filamu ya mbunge David Lammy kuibana mwaka 2019. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Ndani ya kumbukumbu za zamani watafiti walikuta mawazo ya watawala wa wakati ule. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, kwa mujibu wa ofisa wa tume aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliona ni afadhali makaburi makubwa ya wapagazi hapa Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini haraka iwezekanavyo, na hakupenda hata kuzifikiria hesabu za Waafrika waliokufa.

Pima tarehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, makaburi yaachwe yaote majani. Mwaka 1927, sanamu inazinduliwa na watoto wanaambiwa wakumbuke majina. Anayeziba kaburi kwa nyasi kisha akamwachia mtoto kazi ya kukumbuka anajua fika kwamba mtoto hatakuwa na mahali pa kuanzia.

Kuna ufa mwingine katika maandishi yale, na huu wakazi wa Dar waliuona mapema kuliko mtu yeyote. Mfalme gani, na nchi gani? Askari wengi wa mji huu walipigana upande wa pili. Chukua ukoo mmoja unaojulikana. Sykes Mbuwane aliletwa kutoka Msumbiji na Wissmann yuleyule, awe askari wa Wajerumani. Mwanawe, Kleist, alipigana chini ya Lettow-Vorbeck katika vita vile vya 1914. Wajukuu, Abdulwahid na Ally, wakavaa sare za Waingereza katika Vita vya Pili na kufika Burma. Baba na wanawe walitumikia wafalme wawili waliokuwa maadui, na hakuna hata mmoja kati ya wafalme hao aliyekuwa wao. Singe ya shaba pale Samora, ikichukuliwa kama ilivyoandikwa, ni singe ya jeshi lililokuwa likimwinda Kleist Sykes.

Yuko na Bayume Mohamed Husen, mtoto wa askari, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kuingizwa katika jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Baada ya vita alisafiri hadi Berlin, akadai malipo ya utumishi ambayo hayakuwa yamelipwa, yake na ya baba yake. Hakulipwa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, akaoa, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen. Mwaka 2007 liliwekwa Berlin jiwe dogo lenye kibati cha shaba, chini kabisa, kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba aliyoishi. Limeandikwa jina lake. Linganisha kazi hizi mbili za ukumbusho. Moja ni kubwa, imenyanyuka juu ya mji, na haimtaji mtu. Nyingine ni ndogo kiasi cha kukanyagwa, na inamtaja mmoja. Mtoto wa Dar es Salaam ameandikwa jina ugenini, na nyumbani ameachiwa umbo la askari wa adui yake.

Wapo watakaoniambia kwamba mji huu una ukumbusho mwingine wa vita, mkubwa kuliko sanamu yoyote, na kwamba upo midomoni mwetu kila siku. Wana haki. Kariakoo ni Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi, lililotamkwa na watu waliokuwemo. Wajerumani walikuwa wameanza kujenga soko pale. Vita ikaingia, Waingereza wakapafanya kambi ya wapagazi. Vita ikaisha, soko likafunguliwa, jina likabaki. Nairobi nako lipo, wao wanasema Kariokor. Hakuna gavana aliyeketi akaamua jina hilo, wala Kipling hakulihariri. Watu walilisikia kwa Kiingereza, wakalipitisha kwenye ulimi wao, likatoka Kiswahili.

Kama ukumbusho, jina hili linaishinda shaba kwa mengi. Linatamkwa na kondakta wa daladala, na mama anayefuata kitenge cha jumla, na mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi au Lusaka kununua mzigo. Simba na Yanga zikikutana, nchi nzima inaita derby ya Kariakoo, na mamilioni ya watu wanataja kikosi cha wapagazi bila kujua. Tena jina limebaki kwenye kazi yake. Makuli bado wanapita Kariakoo na marobota mabegani, mikokoteni na maguta bado vinasukumana mitaa ya Kongo na Msimbazi. Mji umebadilika, lakini mzigo bado unapanda kwenye mwili wa mtu.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba hiyo inatosha. Kutaja si kukumbuka. Jina ambalo anayelitamka halisikii ndani yake mtu yeyote limekuwa sauti ya mahali, basi. Na kuna hatari ya kuipenda mno hadithi hii ya jina, kwa sababu haitugharimu kitu. Tunajipongeza kwamba tumekumbuka, wakati tulichofanya ni kupanda gari la Kariakoo.

Soko lenyewe lilikuwa na nafasi ya kusema zaidi. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, ndiye aliyelibuni jengo lililofunguliwa na Rais Nyerere Desemba 1975. Nguzo zake za zege zinapanda na kufunguka juu kama miavuli, ili paa liwe kivuli cha miti ambayo chini yake watu wetu wamekuwa wakiuziana vitu tangu zamani, na maji ya mvua yashuke kwa kupitia humo. Ni jengo linalofikiri. Linamfikiria muuzaji, mnunuzi, hewa na mvua. Nililopenda zaidi ni kwamba kila kitu humo kinabebwa: nguzo inabeba paa na inaonekana wazi kwamba inabeba. Sidhani kama Amuli aliwakusudia wapagazi, na siwezi kumsemea. Lakini kati ya majengo yote ya mji huu, hilo ndilo linaloonyesha bila kujificha kwamba kubeba ni kazi ya heshima. Julai 2021 liliungua. Wafanyabiashara walihesabu hasara zao, serikali ikatoa fedha za ujenzi, mjadala ukawa wa vizimba, kodi na nani atarudi. Hayo ni ya lazima. Mtu aliyeunguliwa na mtaji hawezi kuanza na historia. Lakini miezi michache kabla, Aprili mwaka huohuo, ndipo ripoti ya wale 116,000 ilipotoka. Habari hizi mbili, moja ya jengo na moja ya waliolipa jina lake, zilipita katika mwaka mmoja na hazikuonana.

Ukitoka sokoni kuelekea Mnazi Mmoja utaukuta Ukumbi wa Arnautoglu. Ulijengwa katika miaka ya 1950 ukachukua jina la mfadhili wake, tajiri wa Kigiriki George Arnautoglu. Si ukumbi wa ukumbusho wa vita, na haukudai kuwa. Ila mwezi Aprili 1953, kama anavyosimulia mwanahistoria Mohamed Said katika kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes, ndimo ulimofanyika uchaguzi wa TAA, na Julius Nyerere, mwalimu kutoka Pugu, akachukua uongozi kutoka kwa Abdulwahid, mwanajeshi wa zamani wa Burma. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, ikazaliwa TANU, katika nyumba ya chama iliyopo mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Chama hicho kilitokana na African Association ya mwaka 1929, ambayo katibu wake mwanzilishi alikuwa Kleist Sykes, askari wa Wajerumani.

Naona humo jibu ambalo sanamu haikuweza kulitoa. Watu waliopigania nchi za wengine walirudi, wakakaa kwenye viti vya ukumbi, wakaulizana nchi yao ni ipi. Walipiga kura. Walitajana kwa majina, yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Kama kuna mahali katika Dar es Salaam ambapo ahadi ile ya wana kukumbuka ilitimizwa, ni katika mikutano ya namna hiyo, na ilitimizwa kwa maana ambayo mfalme asingeifurahia. Lakini hata humo kuna pengo. Waliokuwa na mahali pa kukaa walikuwa wana wa askari, watu wa mjini, waliosoma na kuandika. Mpagazi aliyeokotwa kijijini akafia Rufiji hakuwa na mwana kwenye ukumbi. Ukoo wa Sykes umeandikwa vitabuni kwa sababu Kleist mwenyewe aliandika maisha yake, na mjukuu wake akayachapisha. Aliyekuwa na kalamu alijikumbuka. Wengine waliachiwa watoto, na watoto waliachiwa nyasi.

Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Mara nyingi imefanyika palepale Mnazi Mmoja, umbali mfupi kutoka sokoni. Tarumbeta inalia, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kisha wengine shada la maua, upinde na mshale, na shoka. Ni sherehe nzuri, na ina akili: ilipokea namna ya kikoloni ya kuenzi wafu na kuivalisha silaha zetu. Ila, ukiacha maua, zote ni silaha. Sherehe imerithi jicho la Myrander, linalomwona mwenye singe kwanza. Kitu cha mpagazi hakimo, nacho kinajulikana na kila aliyewahi kutekwa maji: ngata, ile pete ya nguo au majani inayowekwa kichwani chini ya mzigo.

Tume ya Jumuiya ya Madola sasa inasema inayatafuta majina, kwa kushirikiana na watafiti wa Afrika Mashariki, katika madaftari ya malipo na orodha za jeshi zilizobaki. Tuwape muda, na tuwabane. Yatakapopatikana litakuja swali ambalo si la London tena: yatawekwa wapi? Nitapinga yasibandikwe kwenye jiwe la Samora, chini ya miguu ya askari, kama nyongeza. Yawekwe Kariakoo, mahali ambapo mtu anapita na mzigo, kwa herufi anazoweza kuzisoma akiwa amesimama kwenye foleni ya kupakia guta. Na yasomwe kwa sauti, hata kama ni majina ishirini kwa mwaka, hata kama itachukua vizazi kuyamaliza.

Kipling aliandika kwamba wana watakumbuka. Wana hao walishafariki. Wajukuu wao nao wengi wameshazikwa. Zamu ni ya vitukuu, na baadhi yao asubuhi hii wako Mtaa wa Msimbazi, wameinama, wanasubiri robota lipandishwe mgongoni.